Dai za .308 ya mashindano: pima maganda yako kabla ya kununua

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Phoenix, Arizona, na nimeanza kushindana daraja la F-T/R katika uwanja wa Ben Avery. Bunduki yangu ni .308 Winchester, mtutu wake umefungwa na chemba yake (tundu la nyuma ya mtutu anamokaa ganda) kuchongwa na fundi. Natumia maganda ya Lapua Palma na vichwa vya Berger vya greni 185. Mpaka sasa nimekuwa nikijaza risasi kwa vifaa vya kuazima, na sasa nataka kununua dai zangu, yaani vyuma vya kubania maganda na kukalishia vichwa. Dukani nimeona seti za chini ya dola 50 na nyingine za zaidi ya dola 300. Uwanjani kila mtu ana lake: mmoja anasema nibane shingo tu, mwingine anasema nibane ganda zima, wa tatu anasema bila dai ya bushi nisahau kabisa ushindi. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba dada yangu, na hongera kwa kuingia kwenye mchezo huu. Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Kwa .308 yenye chemba ya fundi, nunua dai ya kubana ganda zima, ya aina inayotumia bushi (pete ndogo ya kubania shingo ya ganda), na mandreli, yaani fimbo ya kupanulia shingo hiyo. Kisha nunua dai ya kukalishia kichwa yenye maikromita (skrubu ya kupimia kwa usahihi) juu na mkono wa ndani unaolishika ganda. Lakini usilipe hata senti moja kabla hujapima maganda yaliyofyatuliwa kwenye bunduki yako mwenyewe. Dai ya bei kubwa isiyolingana na chemba yako itakutesa kuliko ya bei nafuu inayolingana nayo.

Kwa faida ya wasomaji wengine: risasi nzima ni ganda la shaba, fataki iliyopachikwa kitakoni, baruti ndani, na kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Ukishafyatua, ganda linabaki, na wanaoshindana hulitumia tena na tena. Dai ni silinda ya chuma kigumu iliyochongwa ndani kwa umbo la ganda. Unaifunga juu ya presi, unavuta mkono wa presi, ganda linaingia na kubanwa lirudi kwenye saizi yake. Dai ya pili ndiyo inayokalisha kichwa kipya. Na F-T/R ni daraja la kulenga kwa kulala, bunduki ikiwa juu ya miguu miwili na darubini ikiruhusiwa. Risasi ni .223 Remington au .308 Winchester tu, na bunduki pamoja na vyote vilivyofungwa juu yake isizidi kilo 8.25. Kwenye yadi 1,000 duara la alama 10 lina upana wa inchi 10, na lile la X lililo ndani yake ni inchi 5. Umbali huo hausamehe risasi zinazotofautiana.

Sasa turudi kwenye chemba. Baruti inapowaka, shaba inatanuka mpaka inagusa kuta za chemba pande zote, halafu inanywea kidogo sana. Kwa hiyo ganda lililofyatuliwa limebeba umbo la chemba yako. Fundi wako alichonga chemba hiyo kwa rima, yaani chombo cha kuchongea tundu, na kiwanda cha dai nacho kilichonga dai kwa rima yake. Rima zote mbili zimo ndani ya vipimo vinavyokubalika vya .308, ila vipimo hivyo vina upana wake. Unaweza ukapata chemba iliyo upande wa kubana na dai iliyo upande wa kulegea, na hapo dai haitagusa sehemu ambazo ndizo hasa zilihitaji kubanwa. Au ukapata kinyume chake, shaba yako ikafinywa kupita kiasi kila mara na kuchoka mapema. Jina lililoandikwa kwenye boksi halitakuambia lolote kuhusu hilo.

Mpigie fundi wako umwombe mchoro wa rima aliyotumia. Mafundi wa mitutu ya mashindano huwa nao na hawaoni taabu kuutoa. Kisha chukua maganda machache ambayo yamekwisha kufyatuliwa kwenye bunduki hiyo mara mbili au tatu, kwa sababu ganda jipya kabisa mara nyingi halijatanuka vya kutosha baada ya mara ya kwanza. Toa fataki, safisha, kaa mezani na maikromita. Kalipa (rula ya taya mbili) ya kawaida haitoshi kwa kazi hii; tunatafuta tofauti ya elfu moja ya inchi, na kalipa nyingi hukosea kwa kiasi hicho hicho.

Kipimo cha kwanza ni kiwiliwili cha ganda karibu na kitako, kama inchi 0.200 kutoka chini. Hapo ndipo watu wengi hawapimi, na hapo ndipo matatizo mengi ya F-T/R yanapoanzia. Huenda umekwisha kukutana na dalili yake. Umefyatua, unainua mkono wa bolti (chuma kinachofunga chemba), unapanda vizuri, halafu mwishoni kabisa unakwama na kutoa mlio wa “klik”, mpaka uupige kwa kiganja. Kama kiasi chako cha baruti kiko ndani ya kile kilichochapishwa na kiwanda, na fataki hazioneshi dalili za shinikizo kubwa, basi kwa kawaida ni kitako kilichokua. Baada ya kujazwa mara kadhaa shaba imejaa chemba sehemu ile ya chini, na dai haiifikii. Mpiga shabaha anayepambana na bolti katikati ya upepo unaobadilika amekwisha kupoteza nafasi yake, kwani anapoirudia darubini upepo alioupima umeshaondoka.

Dai nzuri kwa chemba yako ni ile inayopunguza sehemu hiyo kwa inchi 0.001 hadi 0.002, na sehemu ya juu karibu na bega (mteremko unaoelekea shingoni) kwa 0.002 hadi 0.003. Tuseme ganda lililofyatuliwa linapima 0.4700 karibu na kitako. Ukilitoa kwenye dai likiwa 0.4685, umepata dai yako. Likitoka 0.4698, dai hiyo ni kubwa kwa chemba yako hata kama imeshinda mashindano ya dunia mikononi mwa mtu mwingine. Likitoka 0.4650, litaingia chemba kwa ulaini mkubwa, lakini unaifanyisha shaba kazi isiyo na faida.

Kipimo cha pili ni urefu kutoka kitako hadi katikati ya mteremko wa bega. Utahitaji kifaa kidogo cha kufunga kwenye kalipa, kama kile cha Hornady, na hapa kalipa inafaa kwa sababu tunalinganisha ganda na ganda. Kwa bunduki ya bolti, bega lirudishwe nyuma inchi 0.001 hadi 0.002 tu. Ukilirudisha sana, kila ufyatuaji utalinyoosha ganda, na siku moja utaona mstari ung'aao ukilizunguka juu kidogo ya kitako. Ganda lenye mstari huo litupe pale pale, maana hapo ndipo linapokatika.

Kuna jambo linalowashangaza wanaoanza. Ukianza kuishusha dai taratibu, bega haliendi nyuma kwanza, linakuja mbele. Kiwiliwili kinapobanwa, shaba inakimbilia juu. Ni mpaka dai ishuke kiasi cha kuligusa bega ndipo linapoanza kurudi. Kwa hiyo usishtuke ukiona kipimo kinaongezeka. Endelea kushusha kidogo kidogo na kupima. Nyuzi za dai nyingi ni za inchi 7/8 zenye mizunguko 14 kwa inchi, maana yake elfu moja ya inchi ni kama digrii tano tu za mzunguko. Kuigeuza dai kwa mkono kwa kiasi kidogo hivyo kunachosha roho. Kiwanda cha Redding kinauza seti ya vishikio vitano vya ganda vinavyotofautiana kwa inchi 0.002 kila kimoja. Unaifunga dai mara moja ikae imara, kisha unabadilisha kishikio tu. Kwa maoni yangu hiyo ni fedha iliyotumika vizuri kuliko mapambo mengi yanayouzwa.

Hapa nimjibu na yule mwenzako anayekuambia ubane shingo tu. Hoja yake ni kwamba ganda likibaki na umbo la chemba yako litakaa katikati yake vizuri, na shaba itadumu. Hoja ina mantiki, na wengi walipita njia hiyo. Lakini baada ya kufyatua mara chache, kiwiliwili kinakuwa kigumu kuingia, na unalazimika kulibana ganda zima. Sasa una maganda ambayo leo yanabana, kesho yanalegea. Kwa mashindano nataka kila ganda liwe sawa na lililotangulia, na hilo unalipata kwa kubana ganda zima kila mara, ila kwa kiasi kidogo. Hata wapiga benchi, wanaolenga bunduki ikiwa juu ya meza, ambao hutafuta matundu yagusane kwenye yadi 100, wengi wao wanabana ganda zima. Usitumie fedha kwa dai ya shingo peke yake.

Kipimo cha tatu ni shingo, na hapa ndipo swali la bushi linapoingia. Kiwanda kinapotengeneza dai ya kawaida hakijui unene wa shingo za maganda yako. Lazima dai ifanye kazi hata kwa ganda lenye shingo nyembamba kuliko zote sokoni, kwa hiyo huibana shingo mno, kisha kidonge cha chuma kilicho kwenye fimbo ya kati huipanua tena wakati ganda linatoka. Yaani shingo inafinywa sana halafu inavutwa. Kufinywa kunaikaza shaba bure, na kule kuvutwa kunaweza kuipinda shingo isikae sawa na kiwiliwili, hasa kama ndani ya shingo hakuna mafuta.

Dai ya bushi inaondoa sehemu ya kwanza ya tatizo. Ndani yake kuna pete ndogo, bushi, inayobadilishwa, na saizi zake zinapanda kwa elfu moja ya inchi. Kuichagua ni rahisi. Kalisha kichwa kwenye ganda, pima upana wa shingo kwa nje, toa elfu mbili au tatu za inchi. Maganda ya Lapua ya .308 yana kuta za shingo karibu na inchi 0.015, kichwa ni 0.308, jumla ni kama 0.338. Ukikalisha kichwa bila kupanua shingo, anza na bushi ya 0.336 au 0.335. Ukitumia mandreli, ambayo ndiyo ninayokushauri, teremka moja zaidi, 0.334, kisha pitisha mandreli ya 0.306 ndani ya shingo. Pima yako mwenyewe lakini, kwa sababu maganda ya boksi moja na la mwaka uliofuata yanaweza kutofautiana.

Kwa nini mandreli wakati bushi imekwisha kazi? Ukuta wa shingo hauna unene ulio sawa pande zote. Bushi inabana kutoka nje, kwa hiyo nje inakuwa duara safi na kasoro zote zinasukumwa ndani, kule kule kichwa kinakokaa. Mandreli inaingia kutoka juu, inazisukuma kasoro hizo zirudi nje, na ndani inabaki duara moja kwa maganda yote. Kichwa kinashikwa kwa nguvu ileile kila risasi. Kwenye yadi 1,000 nguvu za kushika zikitofautiana, kasi inatofautiana, na kasi ikitofautiana matundu yanatawanyika juu na chini hata kama upepo umeusoma vizuri.

Mwenzako wa tatu, anayesema bila bushi usahau ushindi, ametia chumvi. Kiwanda cha Forster watakuchongea shingo ya dai yao ya kawaida iwe saizi unayotaka, ukiwatumia dai na kipimo. Dai ya namna hiyo inaibana shingo yote na kiwiliwili kwa pamoja kwenye kipande kimoja cha chuma, hakuna pete inayocheza, na mimi naipenda sana kwa mtu ambaye hatabadilisha aina ya ganda. Wewe ndiyo kwanza unaanza na huenda utajaribu maganda mengine, kwa hiyo bushi inakupa uhuru. Na kama fedha ni chache kweli, dai ya Lee inayobana shingo kwa koleti (pete yenye mipasuo) dhidi ya fimbo ya ndani, ikifuatana na dai ya kubana kiwiliwili peke yake kama ile ya Redding, inatoa risasi nyoofu mno kwa gharama ndogo. Kasoro yake ni kwamba kila ganda linapita kwenye presi mara mbili.

Kabla hujafanya lolote na Palma zako, angalia sindano ya kutolea fataki. Maganda hayo yanatumia fataki ndogo, na kitundu cha kupitishia moto ni milimita 1.5 badala ya 2 za ganda la kawaida. Sindano inayokuja na dai nyingi za .308 ni nene kuliko kitundu hicho. Ukisukuma, ama inavunjika, ama inang'ang'ania na kuling'oa ganda kwenye kishikio, ama inakipanua kitundu ulichokilipia zaidi kiwe kidogo. Agiza sindano ya inchi 0.057 pamoja na dai, au toa fataki kwa kifaa cha pembeni chenye sindano nyembamba.

Dai ya kukalishia kichwa ni kisa kifupi zaidi, kwa sababu hapa bei kubwa inanunua kitu kinachoonekana. Unachotaka ni mkono wa ndani unaoteleza, unaoshika ganda na kichwa katika mstari mmoja kabla kichwa hakijaanza kuingia. Forster na Redding wote wanatengeneza hivyo. Maikromita ya juu haikipi kichwa unyoofu wowote. Inakurahisishia kurudi kwenye kina kilekile unapobadilisha kichwa, au kusogea elfu mbili tatu unapotafuta kina ambacho mtutu wako unakipenda. Kwa mtu wa mashindano ninaiona ya lazima.

Lakini ulizia shina la kukalishia. Vichwa vya Berger ni virefu na vyenye ncha ndefu. Shina la kawaida likiwa na shimo fupi, ncha ya kichwa itagota ndani kabla ubavu wake haujashikwa, na hapo unakalisha kwa kufuata ncha, ambayo haifanani kati ya kichwa na kichwa. Toa shina, dumbukiza kichwa ndani yake kwa mkono, kitikise. Kikicheza, shina halikufai. Kikishikwa ubavuni lakini kingo zikiacha pete iliyochorwa kwenye shaba, kingo ni kali au shingo zinabana mno. Lainisha kingo kwa msasa laini sana. Viwanda hivyo vinauza shina la vichwa vyenye ncha ndefu. Na kina cha kukalisha kipime daima kutoka kitako hadi ubavu wa kichwa, usipime hadi ncha.

Utasikia pia habari za dai za mkono za L.E. Wilson, zinazotumika na presi ndogo ya mezani. Ni kazi nzuri ya chuma na zinakufanya uhisi kichwa kinavyoingia, ukaweza kutenga kile kilichoingia kwa ugumu usio wa kawaida. Ziache kwa sasa. Utazithamini ukishaweza kusoma bendera za upepo za Ben Avery, ambazo mchana wakati jangwa limepata moto zinaweza kuonesha pande mbili kwa wakati mmoja. Fedha hiyo inunulie vichwa vya mazoezi.

Kuhusu mafuta: paka nta kidogo ya kubania, kama Imperial, kwenye kiwiliwili kwa vidole, usipake begani. Ikizidi begani inakusanyika na kuacha vibonyeo. Ikikosekana ganda linang'ang'ania ndani ya dai na utalitoa kwa drili. Ndani ya shingo, kabla ya mandreli, grafaiti kavu inatosha.

Na jambo moja la usalama. Dai mpya, bushi mpya na kina kipya vinabadilisha shinikizo, hasa ukikisogeza kichwa mpaka kikagusa mifuo ya mtutu. Usichukue kiasi cha baruti ulichozoea kwa vifaa vya rafiki ukakihamishia huku moja kwa moja. Rudi chini, kwenye kiwango cha kuanzia cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti au vichwa, upande polepole. Pia usifikirie kuvifunga vifaa hivi kwenye begi ukienda nyumbani likizo. Sheria za silaha za Kenya na Tanzania ni kali kuliko za Arizona, na vifaa vya kutengenezea risasi si kitu cha kukifafanua kwa maneno matupu uwanja wa ndege.

Kwa hiyo wiki hii usiende dukani. Pima shingo, kiwiliwili na bega, andika namba pamoja na jina la rima ya fundi wako, kisha wapigie watengenezaji wa dai, Redding, Forster au Whidden, uwasomee. Waulize dai yao ya .308 inalitoa ganda likiwa na upana gani inchi 0.200 kutoka kitakoni. Anayekujibu kwa namba, nunua kwake. Ikiwa hakuna dai ya rafuni inayolingana na chemba yako, Whidden wanachonga dai maalumu kwa kufuata maganda yaliyofyatuliwa unayowatumia kwa posta, kwa hiyo yaweke matatu manne pembeni bila kuyabana.